Taarifa Kuhusu Upungufu wa Mazishi

"Ofisi ya Mbunge inapenda kuwatangazia wananchi wote, walio ndani na nje ya eneo bunge letu, kwamba mazishi yamepungua. Hali ni mbaya. Miezi mitatu ya kwanza ya mwaka jana tulihudhuria mazishi arobaini na moja. Mwaka huu, miezi hiyo hiyo, tumehudhuria kumi na mawili. Mheshimiwa amesikitishwa sana na takwimu hizi na ameunda Kikosi Kazi. Wananchi wanaombwa wawe watulivu."

Tangazo hilo nililiandika mimi mwenyewe mwezi wa nne, na bado naona ni zuri. Naitwa Mwangangi. Cheo changu kamili ni Mkurugenzi wa Mazishi, Maombolezo na Hafla za Dharura, Ofisi ya Mbunge. Mwenyekiti wa Kikosi Kazi nilikuwa mimi. Katibu pia nilikuwa mimi, na mambo tulikuwa tunayapitisha kwa kauli moja.

Kuna watu wasioelewa uongozi ambao huuliza mbunge na mazishi yanahusiana wapi. Nawahurumia. Ukiita mkutano wa hadhara sokoni Tulia, watu watakuja, sikatai, lakini watakuja na midomo. Hujamaliza kusema hamjambo, mtu ameshauliza barabara iko wapi. Ukienda kanisani, pasta ana kipaza sauti chake na hakiachi. Lakini mazishini! Mazishini watu wamevaa vizuri, wametulia, hawawezi kuzomea kwa sababu marehemu yuko pale mbele, na hawawezi kwenda nyumbani kwa sababu sufuria ya muthokoi bado iko jikoni. Mbunge anaongea mpaka achoke mwenyewe. Ukutani kwa ofisi yetu tumeandika kwa herufi kubwa, KUFA KUFAANA, na chini yake tukaweka picha ya Mheshimiwa akitabasamu.

Mheshimiwa wetu ni Daktari Nyamai. Huyu ni daktari wa kweli, wa sindano, si wale wa kuvishwa joho kwa sababu wamechangia chuo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa daktari wa Kituo cha Afya cha Ngwatanio, kutoka Tulia ukiingia ndani, na alikuwa peke yake. Alizalisha akina mama, akashona waliokatana na panga, akatoa maharagwe kwa pua za watoto. Chakula cha mchana alikula saa kumi, akiwa amesimama. Katika miaka hiyo yote hakuhudhuria mazishi hata moja, na sisi wanamikakati tukiangalia nyuma tunaona hilo lilikuwa doa kubwa.

Watu walimpenda kupita kiasi. Na sisi watu wa huku, mtu tukimpenda sana, tunampeleka Nairobi. Wazee walikaa, akina mama wakakaa, wakasema huyu kijana ametuponya sisi sote, mtu mzuri hivi hafai kukaa hapa. Wakampigia kura mpaka wino ukaisha. Usiku wakacheza ngoma. Asubuhi yake wakaamka, wakaenda kituoni, wakapanga foleni kama kawaida, wakangoja daktari. Kuna waliongoja mpaka Alhamisi.

Mwaka wake wa kwanza Bungeni, kwa bahati njema, mazishi yaliongezeka maradufu. Chanzo cha ongezeko hilo hatukijui hadi leo. Jumamosi moja tulizika watu wanne, tukala mara nne, na Mheshimiwa akapoteza sauti.

Halafu akaja kuharibu Sista Kanini. Huyu ndiye muuguzi aliyebaki pale Ngwatanio. Badala ya kukaa kituoni angoje wagonjwa wazidiwe, kama utaratibu unavyotaka, mama huyu alianza kupanda boda na kisanduku cha chanjo, anaenda nyumba kwa nyumba. Anapima wazee presha. Anafundisha wasichana jinsi ya kuchanganya chumvi na sukari mtoto akiharisha. Nilimwandikia barua ya onyo kwamba anahujumu ratiba ya ofisi. Alinijibu nyuma ya barua yangu mwenyewe akiomba glavu.

Tulifika mahali ambapo Jumamosi ilikuja na hakuna mazishi kabisa. Mwaka wa kabla ya uchaguzi! Ikabidi tuvuke mpaka, tukaombe mazishi Makueni, kule Kalamba, kwa watu wasiotujua. Mheshimiwa aliongea vizuri sana kwa saa moja na nusu. Alimsifu marehemu kuwa mzee mwenye msimamo, baba wa kuigwa, mwanaume miongoni mwa wanaume. Marehemu alikuwa Mama Ndinda. Watu wa Kalamba ni wastaarabu, walingoja amalize. Kisha mwenyekiti akatuuliza kwa upole kama tunajua njia ya kurudi kwetu, na vijana fulani wakaanza kusogea karibu. Tuliondoka kwa kasi hata tukasahau matenti.

Ndipo, Ijumaa iliyofuata, nikapata habari njema. Mzee Kasyoki alikuwa mgonjwa sana.

Mzee Kasyoki si mtu wa kawaida. Ana umri wa miaka sabini na tisa, na hakuna kisima kati ya Tulia na mtoni ambacho hakukichimba kwa mikono yake. Kila anayekunywa maji ni mtu wake. Katika daftari langu nilikuwa nimemweka Daraja la Kwanza, watu elfu tatu, matenti kumi. Nilichukua utepe wa kupimia nikaenda kwake moja kwa moja.

Nilikuwa nimeshapima kutoka ghalani hadi zizi la mbuzi wakati binti yake, Ndunge, alipotoka nyumbani. Ndunge anauza ndengu sokoni Tulia na sauti yake inafika kabla yake.

"Wewe Mwangangi! Unapima nini kwetu?"

"Maendeleo, mama."

"Maendeleo ya nini?"

"Ya matenti. Poleni sana na msiba."

"Baba hajakufa!"

"Tunajua, mama. Serikali hii haipendi kushtukizwa."

Wui! Mama huyo alinitukana kwa Kikamba, maneno mengine nilikuwa sijayasikia tangu nyanya yangu aage. Ndipo Sista Kanini naye akatoka, mikono imelowa, amechoka.

"Mwangangi, afadhali umekuja," akasema. "Mzee hajakojoa tangu jana asubuhi. Kibofu kimejaa mpaka hapa kitovuni, na sasa ameanza kuweweseka. Nimejaribu kupitisha mrija mara tatu, umekataa, tezi dume imefura imeziba njia. Nikilazimisha nitamchana. Anataka daktari, ama apelekwe Kitui leo."

"Na asipopelekwa?"

"Figo zitakufa. Jumapili hafiki jioni."

Nilitoa kalamu nikaandika Jumapili, na alama ya kuuliza.

"Probox ya jirani imejaribu," Ndunge akasema. "Mvua ya juzi imebomoa pale mtoni, magari madogo hayapiti. Kwa boda hawezi hata kukaa. Tupeni ile ambulensi yetu, ile inakaa kwa ofisi yenu."

"Ambulensi iko kazini, mama."

"Kazi gani?"

"Imeenda Kalamba kuchukua matenti."

Hapa naomba nieleweke. Ambulensi ile ina milango mipana nyuma, na kitanda kikitolewa inaingiza matenti kumi, viti mia mbili na spika mbili kubwa. Gari lingine la namna hiyo hatuna. Nilimweleza Ndunge hivyo, kwa heshima, naye akakaa chini kwenye kinu akashika kichwa. Nilimwona machozi yakimtoka bila sauti, na hata mimi, Mkurugenzi, nilifunga daftari.

"Basi mpigie Nyamai," akasema. "Yeye ni daktari. Huyu mzee ndiye alimchimbia mama yake kisima. Mwambie aje."

Nilimpigia Mheshimiwa. Alikuwa Nairobi, kwenye warsha ya siku nne kuhusu jinsi ya kufikisha huduma za afya karibu na mwananchi.

"Mpe mzee pole zangu za dhati," akasema, na nyuma yake nikasikia vijiko. "Mwambie tuko pamoja naye."

Nilifikisha pole hizo neno kwa neno. Ndunge alishika kichwa tena.

"Mama, usimlaumu," nikamwambia. "Tuna mwongozo. Kwa mgonjwa, Mheshimiwa anatuma pole. Kwa marehemu, anakuja mwenyewe."

Ndunge aliinua kichwa. "Kwa marehemu anakuja mwenyewe?"

"Yeye na msafara. Magari manne makubwa."

"Hata kama yuko warsha?"

"Hata kama yuko ng'ambo. Mazishi ni mazishi."

"Na ambulensi?"

"Inatangulia na matenti, saa moja asubuhi kamili. Sisi kwa mambo ya mazishi hatujawahi kuchelewa."

Ndunge alimwangalia Sista Kanini. Sista Kanini alimwangalia Ndunge. Wakaingia nyumbani wote wawili wakafunga mlango. Nilitumia muda huo kupima mahali pa kuegesha magari. Baada ya dakika kumi Ndunge akatoka, macho makavu, amefunga leso kiunoni.

"Andika. Mazishi ni kesho."

"Ngai! Poleni, poleni sana," nikasema, na tayari nilikuwa nimefungua daftari. "Lakini kesho, mama? Haraka haraka haina baraka."

"Mzee alisema hataki kulala mochari."

"Mapenzi ya marehemu yaheshimiwe."

"Na nyumba hii ina desturi yake. Mgeni wa heshima anaingia kuona mwili kwanza, kabla ya maombi, kabla ya hotuba. Bila hivyo hakuna mtu wetu atamsikiliza."

"Nitaiweka namba moja kwa programu."

Nilishangaa kidogo kwamba hakuna aliyepiga nduru, lakini kila familia ina njia yake ya kuomboleza. Nilipanda boda nikakimbia mjini Kitui. Kufikia saa kumi na mbili jioni redio ya Kikamba ilikuwa imetangaza mara tano, na programu zilikuwa zimechapishwa, kurasa kumi na sita za rangi. Kurasa kumi na moja zilikuwa picha za Mheshimiwa. Mheshimiwa mwenyewe nilipompigia hakuuliza hata swali. Alisema tu, "Elfu tatu? Nakuja," akaacha warsha.

Jumamosi saa moja kamili ambulensi iliingia kwa Mzee Kasyoki ikipiga king'ora, imejaa matenti. Kufikia saa tatu hapakuwa na pa kukanyaga. Walikuja watu wa kanisa, watu wa soko, na watu wa Kalamba walikuja kwa lori, nadhani kumsikia tena Mheshimiwa. Kwaya ilikuwa imeshaimba nyimbo sita na akina mama walikuwa wanapuliza moto chini ya sufuria. Nilisimama katikati ya vile vitu vyote nikajisikia raha isiyo kifani. Upungufu ulikuwa umekwisha.

Jambo moja tu lilinisumbua, jeneza sikuliona. Nilimuuliza Ndunge, akaniambia mwili uko chumbani, tungoje mgeni wa heshima auone kwanza.

Msafara ukafika. Mheshimiwa akashuka na suti nyeusi, uso ukiwa tayari na huzuni. Ndunge akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Daktari. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tukaingia chumbani watatu, Ndunge, Mheshimiwa na mimi nikibeba hotuba. Ndani alikuwa Sista Kanini, amevaa glavu, na kando yake meza yenye vitambaa safi, mirija ya aina tatu na beseni. Kitandani alikuwa Mzee Kasyoki, tumbo limeinuka chini ya shuka. Ndunge alifunga mlango kwa komeo, akachukua kiti, akakiweka mlangoni, akakikalia.

Mheshimiwa aliinamisha kichwa kwa heshima. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akaninong'oneza.

"Mwangangi. Huyu anapumua."

"Nitalishughulikia, Mheshimiwa."

Mzee alifungua jicho moja. "Nyamai," akasema kwa sauti ya chini sana, "ni wewe? Nisaidie mwanangu. Naumia."

Naomba nieleze wazi kwamba mimi nimehudumia marehemu wengi na huyu ndiye wa kwanza kuchelewa kazini. Nilimkumbusha Mheshimiwa kwamba watu elfu tatu wako nje, hotuba ni saa nne, na redio inarusha moja kwa moja. Mheshimiwa akatazama saa yake. Akatazama mlango. Ndunge hakusogea.

"Ambulensi si iko hapo nje?" Mheshimiwa akasema. "Mpelekeni Kitui. Mimi nitaongea, halafu..."

"Kwa barabara ile ni mwendo wa saa mbili," Sista Kanini akasema. "Kibofu kikipasuka njiani je? Wewe uliwahi kunifundisha kutumia mrija huu wenye ncha imepinda, lakini kwa tezi kubwa hivi ulikuwa unafanya mwenyewe. Ni dakika tano, Daktari." Akamnyooshea glavu.

Nje kwaya ilianza wimbo wa saba. Mheshimiwa aliangalia zile glavu kwa muda mrefu. Mzee akaguna, guno dogo tu, na mkono wa Mheshimiwa ukaenda wenyewe, ukashika lile tumbo, ukapapasa hapa na pale. Uso wake ulibadilika. Ile huzuni ya kazini ikatoka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Alhamisi asubuhi."

"Mmenyamaza mpaka leo!"

"Tulikupigia jana," Ndunge akasema. "Ulituma pole."

 Mheshimiwa alivua koti akanitupia, hotuba ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota. Akanawa, akavaa glavu, akasema, "Mwangangi, shika beseni." Nilijaribu kueleza kwamba haimo katika majukumu yangu. "Shika beseni!"

Nikashika. Aliinama, akaongea na mzee polepole kuhusu visima, ni kipi kilimsumbua zaidi, alipiga mwamba wapi, na mikono huku inafanya kazi yake. Mara nikasikia Sista Kanini akisema, "Asante Yesu!" na beseni likaanza kuwa zito.

Lilikuwa zito sana. Nilimwangalia Mheshimiwa kuomba maelekezo, nikakuta anacheka. Anacheka kabisa, jasho linamtiririka, meno yote nje. Miaka minne nimekuwa naye, tumezindua vyoo, tumekata utepe wa daraja ambalo halikuwepo, na sijawahi kumwona mtu yule akifurahi hivyo. Ndunge alikuwa analia na kucheka pamoja. Sista Kanini akatangaza lita moja na nusu na bado. Mzee Kasyoki akashusha pumzi ndefu, akafungua macho yote mawili, akasema anasikia njaa.

Ilibidi apelekwe Kitui, figo zichunguzwe. Vijana wakarudisha kitanda ndani ya ambulensi, wakambeba mzee nje kwa machela, mfuko wa mrija ukining'inia kando. Ngai wakwa! Kwaya ilitawanyika kwenye shamba la ndengu. Wapishi walikimbia na miiko. Pasta alikuwa amefumba macho akimwombea marehemu pumziko la milele na hakuona chochote mpaka machela ikampita miguuni. Mzee akaomba kipaza sauti, na nani angemnyima?

"Nasikia mmekuja kunizika," akasema. "Asanteni. Kaeni chini."

Watu walikaa, hata walio kwenye ndengu.

"Nimesomewa programu yangu. Ukurasa wa pili mmesema nilikuwa mwalimu. Mimi sijawahi kufundisha mtu, nimechimba visima."

Hilo lilikuwa kosa la mpiga chapa. Mheshimiwa, akiwa bado na mikono ya shati imekunjwa, aliona nafasi, akashika kipaza sauti.

"Wananchi, mmejionea wenyewe!" akasema. "Hii ndiyo kazi yangu! Nipeni miaka mitano mingine!"

Nililibana lile beseni, sasa tupu, kwapani nikaanza kupiga makofi. Nilipiga peke yangu. Katika safu ya pili mama mmoja mzee, anaitwa Muthoki, alisimama.

"Daktari," akasema, "na goti langu?"

Nyuma yake akasimama mwingine na mtoto mwenye sikio linalouma. Nyuma yake mwanaume na kikohozi. Kabla sijaita usalama, foleni ilikuwa imetoka tenti ya kwanza, ikazunguka zizi, ikarudi. Meza ya wageni wa heshima ikafutwa. Na Mheshimiwa, mkiniuliza nitasema ukweli, hakulazimishwa. Aliketi, akamwita mama kwa Kikamba, "Goti gani, mwaitu?"

Mzee Kasyoki akaomba kipaza sauti tena. Dereva alikuwa tayari kuondoka, lakini mzee akasema hili ni la dakika moja.

"Watu wangu, huyu Daktari tunampenda?"

"Ĩĩ!" elfu tatu wakaitikia.

"Kidogo ama sana?"

"Sana!"

"Basi mwaka ujao tutampa kura ngapi?"

Ndipo Ndunge, kwa ile sauti yake ya sokoni, akasema, "Hakuna!"

Mnaweza kufikiri watu walikasirika. La! Walishangilia. Akina mama walipiga vigelegele. "Hakuna! Hakuna!" Kwaya tuliyoileta sisi, kwa gari letu, ikalitungia wimbo hapo hapo. Watu wa Kalamba, ambao hata si wapiga kura wetu, waliruka juu ya lori. Mheshimiwa alisimama na mkono wake bado umeshika goti la Mama Muthoki.

"Lakini mmesema mnanipenda!"

"Ndiyo maana!" wakajibu wote.

"Mara ya kwanza tulikosea," Mzee Kasyoki akaendelea, sauti ikishuka kidogo kwa uchovu. "Tulikuwa na daktari mmoja, tukamtupa Nairobi. Hatutarudia. Lakini kile kiti hakiwezi kukaa bure, lazima tupeleke mtu. Safari hii tutafute mtu ambaye akiondoka hapa hakuna mgonjwa atakosa dawa, hakuna mtoto atakosa chanjo, hakuna shamba litakosa jembe. Mtu ambaye ataenda, na sisi tuamke asubuhi tusijue kwamba ameenda."

Watu wakafikiri. Niliwaona wakipitia majina kichwani, wakitikisa vichwa. Fundi wa baiskeli, hapana, tunamhitaji. Mama wa mandazi, hapana. Mlevi wa pale sokoni, hapana, yeye huamsha watu alfajiri. Kisha, kuanzia tenti ya kwanza mpaka ya kumi, polepole, watu elfu tatu wakageuka wakaniangalia mimi.

Nimefanya kazi katika utumishi wa umma miaka mingi na sijawahi kuonyeshwa imani kubwa kiasi kile. Nililiweka beseni chini, nikanyoosha tai, nikawaambia nimekubali.